Mkanda wa Rusko

Rusko alirudi nyumbani saa kumi alasiri, matope yamemfika kifuani na ulimi uko nje. Kwa jinsi alivyokuwa ametanua mdomo ungesema anacheka. Saa tano zilikuwa zimepita tangu amwone kulungu ukingoni mwa kinamasi akamfuata. Muda wote huo Vilho Kantola, mzee wa miaka sabini na miwili mwenye goti moja la chuma, alitembea msituni akipiga filimbi hadi midomo ikamuuma. Dada yake Aune, anayemzidi miaka minne, aliendesha pikapu polepole kwenye barabara ya mchanga, vioo viko wazi, akiliita jina la mbwa.

Walikutana kwenye ngazi za nyumba. Rusko alikwishafika na alikuwa anakunywa maji ndooni kana kwamba hajamkosea mtu.

"Kuna nyayo pale karibu na daraja," Aune akasema. "Mbwa mwitu. Wanne, labda watano."

"Za lini?"

"Za leo. Mvua ya jana ingezifuta. Mmoja niliupima kwa kiganja, kiganja kikabaki ndani."

Vilho akakaa kwenye ngazi na kunyoosha goti. Hakukuwa na haja ya kuelezana. Msimu uliopita jirani yao Lasse Perälä alimtafuta mbwa wake siku mbili nyuma ya kilima, akarudi na kengele ya shingoni mwa mbwa mfukoni, basi. Mpaka leo ukimtajia habari hiyo anageuza mazungumzo.

"Tumnunulie mkanda wa umeme wa shingoni," Aune akasema.

Vilho hakujibu. Alifanya kazi katika mgodi wa chuma miaka thelathini na mmoja, na mashine za kutoboa mwamba zilikuwa zimeondoka na sehemu kubwa ya masikio yake. Kwa hiyo Aune akarudia, safari hii kwa sauti.

"Nimekusikia," akasema Vilho.

"Mara ya kwanza au ya pili?"

"Ya kwanza."

Akamtazama dada yake, kisha akainamisha macho. Kwa miaka arobaini na tisa hakuna aliyelitaja jambo hilo katika nyumba ile. Sasa alikuwa amelitaja Aune, ambaye Vilho hakutegemea kabisa kwamba angekuwa yeye.

*

Zamani hizo baba yao, Heikki, alikuwa bado ana nguvu. Jumapili za Oktoba, baada ya kanisa, walitoka watatu: baba katikati, Aune kulia na bunduki yake fupi, Vilho kushoto. Wanawake wa mtaa walisema binti wa Kantola hataolewa kwa sababu ya bunduki ile. Kweli hakuolewa, lakini mwenyewe alisema sababu ni kwamba wanaume waliokuja kumposa hawakujua kulenga.

Kila mmoja alikuwa na mkate wake uliojazwa nyama na viazi, umefungwa kwenye gazeti na kuwekwa ndani ya koti ili uupashe mwili joto mpaka utakapoliwa. Majani ya mipopla yalikuwa ya njano kiasi kwamba hata siku ya mawingu ungedhani kuna jua mahali. Hakuna aliyezungumza. Sauti ilikuwa moja tu, kengele ya shaba iliyoning'inia shingoni mwa mbwa, mara karibu, mara mbali, ikipanda na kushuka bondeni. Halafu ghafla inanyamaza. Mbwa ameganda, pua imeelekea kwenye kichaka, na ndani ya kichaka yupo kwale. Baba aliinua kidole kimoja. Vilho angetoa chochote alichonacho kuusikia tena ukimya ule. Siku hizi aliishi ndani ya ukimya wa aina nyingine, usiokuwa na kengele iliyotangulia.

Mbwa wa siku hizo aliitwa Halla. Alikuwa wa Aune. Mama yake Halla aligongwa na lori la magogo mtoto akiwa hajafungua macho, na Aune, ambaye wakati huo alikuwa mpishi wa shule, alimlea kwa chupa ndani ya sanduku la soksi za sufu kando ya jiko. Alikuwa mweupe mwenye vitone vya kijivu, kama shamba la viazi lililofunikwa na umande ulioganda alfajiri, na ndiyo maana ya jina lake. Watu walikuja kutoka wilaya ya jirani kumtazama akiwinda. Alikuwa na kasoro moja tu, kulungu. Baba alisema kasoro hiyo itaondoka kwa kamba ndefu, matembezi na subira ya miaka miwili.

Vilho alikuwa na miaka ishirini na mitatu na hakuwa na miaka miwili ya kusubiri. Aliona tangazo kwenye gazeti la uwindaji, akaagiza kwa posta. Kilikuja kisanduku kizito kama tofali cha kufungwa shingoni mwa mbwa, na kingine cha kushika mkononi, chenye kitufe kimoja chekundu. Hakikuwa na namba wala kipimo. Siku ya Jumatano, Aune akiwa kazini, alimchukua Halla bila kuomba ruhusa.

Kulungu akaruka. Halla akaruka naye. Vilho akabonyeza, na kitufe kikanasa.

Sauti aliyoisikia hakujua kwamba mbwa anayo. Alitupa kisanduku chini, akakiokota, akakipiga kwenye jiwe, umeme haukukatika. Halla alikimbia, na kwa sababu Vilho alimfuata akimwita, alizidi kumkimbia yeye, kengele ikilia njia nzima. Alipomkamata kwenye uzio wa waya, mikono yake mwenyewe ilipigwa shoti akifungua mkanda.

Tangu siku hiyo, Halla akisikia kengele aliingia chini ya kitanda na kujikojolea. Hakuwinda tena. Aliishi miaka kumi na mmoja kando ya jiko. Baba alikwenda kuitupa ile mashine kwenye shimo la mgodi wa zamani na hakusema neno. Aune alisema matano: "Usimguse tena mbwa wangu kamwe." Baada ya hapo hakulizungumzia tena.

Mbwa walikuja na kuondoka. Vilho alioa, akamzika mkewe Sylvi, akarudi kwenye nyumba ya wazazi alikobaki Aune. Katika miaka hiyo alipata jina kama mtu mwenye subira kuliko wote upande huu wa ziwa. Watu walimletea mbwa walioshindikana, naye aliwatembeza kwa kamba, miezi na miezi, bila kupandisha sauti. Rusko alikuwa mbwa wao wa tisa na wote wawili walisema ni wa mwisho. Lakini mbwa wa miaka miwili anahitaji mtu mwenye magoti mawili na masikio mawili, na Vilho hakuwa navyo tena.

*

Jumatatu walikwenda mjini kwa Corinne Beaudoin, mwenye duka la bunduki, nyavu na viatu vya theluji. Corinne aliwajua tangu akiwa mtoto.

"Karibuni wazee wangu. Mmekuja kununua au kubishana?"

"Vyote," akasema Aune. "Tuonyeshe mikanda ya umeme."

Corinne akamtazama Vilho mara moja, akaenda nyuma, akarudi na mitatu. Aliipanga juu ya kaunta.

Wa kwanza ulikuwa mdogo, mwepesi, umbali wake nusu maili. "Huu ni kwa mbwa wa uani," Corinne akasema. "Kwenye misonobari minene hiyo nusu maili inakuwa robo. Rusko atakuwa amevuka mpaka wa Kanada kabla hamjabonyeza."

Wa pili ulikuwa na kioo na ramani, unaonyesha mbwa alipo kila dakika. Aune aliupenda. Aliushika, akausogeza mbali na macho, akausogeza karibu, akavua miwani, akaivaa.

"Herufi zimeandikwa na sisimizi," akasema.

"Zinaweza kukuzwa, mama."

"Kwa kubonyeza nini?"

"Hapa, halafu hapa, halafu unashikilia hapa."

"Rudisha kwenye sanduku."

Wa tatu ulikuwa wa rangi ya chungwa, na rimoti yake ilijaa kiganjani. Ulikuwa na vitufe vitatu vikubwa ambavyo mtu angeweza kuvipapasa hata akiwa na glovu: kimoja cha mlio, kimoja cha mtetemo, kimoja cha shoti. Ubavuni kulikuwa na gurudumu lenye namba, kuanzia sifuri hadi mia. Unafika maili moja, unazama majini bila kuharibika, na chaji yake inakaa siku mbili.

Vilho akaweka kidole kwenye kile kitufe cha tatu bila kukibonyeza.

"Kikinasa?"

"Umeme unajikata wenyewe baada ya sekunde nane," akasema Corinne. "Hata ukikikalia."

"Sekunde nane ni nyingi."

"Ni nyingi, mzee. Lakini hakitanasa. Ukikiachia kinaachia."

"Nionyeshe."

Akavua koti, akakunja shati mpaka kwenye kiwiko, akayakandamiza yale meno mawili ya chuma ya mkanda kwenye ngozi ya ndani ya mkono, mahali laini, akaufunga kwa mkono wa pili.

"Watu wengi hawapendi kujaribu," akasema Corinne.

"Ndiyo maana mbwa wao wamekuwa vile."

Corinne akachukua rimoti, lakini Aune akanyoosha mkono. "Nipe mimi."

"Dada," akasema Vilho.

"Nini? Unaogopa?"

"Anza chini."

Aune akazungusha gurudumu hadi tano, akabonyeza.

"Hakuna kitu," akasema Vilho.

Kumi. "Kama sisimizi anatembea."

Ishirini. Mkono ukaruka wenyewe juu ya kaunta, ukaangusha boksi la betri. Corinne akacheka, akainama kuziokota. "Inatosha sasa, mama, utaniulia mteja."

"Bado," akasema Vilho.

Aune hakuwa anacheka. Alikuwa akitazama lile gurudumu.

"Halla alipigwa ngapi?" akauliza.

Aliuliza taratibu, lakini Vilho alimsikia, maana alikuwa akimtazama mdomoni kama alivyozoea. Corinne, aliyekuwa bado chini na betri zake, akakaa huko huko.

"Ile haikuwa na namba."

"Kadiria."

"Yote," akasema Vilho. "Yote iliyokuwemo."

Aune akazungusha gurudumu. Hamsini. Themanini. Lilipofika mwisho likagoma. Kidole gumba chake kikawa juu ya kitufe. Vilho alikuwa amefumba macho na mkono wake umenyooka juu ya kaunta, umelegea, kama mtu anayetolewa damu. Hakusema asibonyeze.

Kisha Aune akalirudisha gurudumu hadi sifuri, mbiombio, akaiweka rimoti chini.

"Corinne," akasema, "tunachukua huu wa chungwa. Tufungie."

*

Walikwishaupita mnara wa mgodi ndipo Vilho akauliza.

"Kwa nini hukubonyeza?"

"Ili iweje?" Aune alikuwa akiendesha, macho barabarani, akipaza sauti ili kaka yake asikie. "Uanguke pale dukani na moyo wako huo mbovu, halafu nani atapasua kuni?"

"Ningestahili."

"Ungestahili mwaka ule. Sasa wewe ni mtu mwingine, mzee mzima." Akabadilisha gia. "Nilikuchukia miaka mitano, Vilho. Mitano hivi. Chakula chako nilikuwa nakitia chumvi nyingi makusudi."

"Nilijua."

"Ulikula lakini."

"Nilikula."

"Halafu ukaletewa yule mbwa kichaa wa baba yake Lasse, yule aliyekuwa anauma milango. Nikakuona dirishani. Majira yote ya baridi, theluji kiunoni, wewe na kamba yako, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Hukumpigia kelele hata siku moja. Siku moja nilikuwa naosha vyombo, nikakutazama, nikagundua hasira haipo. Niliitafuta, haipo."

Vilho akageukia dirisha la upande wake. Walikwenda kama maili mbili.

"Hukuniambia," akasema mwishowe.

"Nilidhani umeona chumvi imepungua."

Hapo Vilho akacheka, na kicheko kikageuka machozi, akatoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo. Aune akamwambia aishikilie vizuri hiyo leso asimchafulie kiti.

*

Corinne aliwaonya wasiuwashe mapema. Wiki nzima Rusko aliuvaa ukiwa umezimwa, asubuhi hadi jioni, ili siku utakapowashwa asijue kwamba shoti inatoka shingoni. Vilho aliufunga mwenyewe kila siku: anayatenganisha manyoya ili meno yaguse ngozi, anaingiza vidole viwili kati ya mkanda na shingo, anavitoa. Wiki ya pili wakaanza mlio pamoja na kamba. Unalia, kamba inavutwa kidogo, Rusko anakuja, anapewa kipande cha ini. Baada ya siku nne kamba haikuhitajika. Mtetemo ulimshtua mara ya kwanza akatazama mkia wake, Aune akacheka mpaka akakaa chini. Shoti hawakuigusa. Vilho aliweka gurudumu kwenye kumi na mbili, akalifunika kwa plasta ya kidonda lisizunguke bahati mbaya.

Katikati ya Oktoba wakatoka. Kulikuwa na baridi nzuri, majani nusu chini nusu juu. Aune alitembea kulia. Rusko alifanya kazi upande wa juu wa kinamasi, akienda kushoto na kulia kama mtu anayefagia.

Kulungu alitokea hatua thelathini mbele yao, dume, mkia mweupe juu. Rusko akaganda kidogo tu kwa mshangao, kisha akaondoka kama risasi, akishuka kuelekea darajani.

"Mlio," akasema Aune.

Vilho akabonyeza. Rusko akayumba, akageuza sikio, akaendelea.

"Mtetemo!"

Akabonyeza. Rusko akaruka gogo bila kupunguza mwendo. Sasa alikuwa weupe tu unaopita katikati ya mashina.

"Vilho. Ya tatu."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe na kilikataa. Akamnyooshea dada yake rimoti. "Bonyeza wewe."

"Sibonyezi."

"Aune, tafadhali, atafika darajani!"

"Na akifika darajani unajua yaliyoko huko. Mbwa ni wako pia. Bonyeza."

Akabonyeza, akaachia. Haikuwa hata sekunde moja. Kule bondeni Rusko akatikisa kichwa kama aliyeumwa na nzi, akasimama, akakaa chini. Kulungu akapotea. Rusko akatazama alikokwenda kulungu, kisha akageuka kutazama mlimani, walikokuwa wao.

Vilho akapiga mlio. Na Rusko akaja. Alikuja mwendo wa kawaida, masikio yanachezacheza, akipanda mteremko hadi miguuni pake, akakaa akisubiri ini lake. Hakunywea wala hakujikojolea. Vilho akapiga goti, lile la chuma, jambo ambalo daktari alimkataza kabisa, akaishika shingo ile kwa mikono yote miwili na kuweka paji la uso wake kwenye manyoya yenye matope. Mabega yake yakawa yanatikisika. Aune akageuka akatazama miti mpaka yaishe.

"Sasa nani atakuinua hapo?" akauliza baadaye.

"Wewe."

"Mimi nina miaka sabini na sita."

"Basi tutakaa wote."

Alimwinua hata hivyo, kwa msaada wa bunduki isiyokuwa na risasi na maneno ambayo mama yao asingeyapenda. Rusko akarudi kazini. Kabla ya saa sita aliganda mara mbili. Mara ya kwanza Aune alikosa akasema jua lilimwingia machoni, ingawa halikuwapo. Mara ya pili kwale alianguka.

Msimu ule walitoka siku kumi na moja. Shoti waliitumia mara moja nyingine tu, Novemba, Rusko alipotaka kufanya urafiki na nungunungu. Siku zote nyingine ulitosha mlio.

Lakini siku ile ya kwanza, baada ya kwale, walikaa juu ya gogo wakala mikate yao, ikiwa bado na uvuguvugu wa makoti. Rusko alilala juu ya viatu vya Vilho. Aune akainua uso ghafla akatazama juu.

"Nini?" akauliza Vilho.

"Mabata bukini."

"Wengi?"

"Kundi kubwa. Wanatokea ziwani. Wanapiga kelele kama kikao cha kanisa."

Vilho akatazama juu, akawaona, mstari mrefu uliopinda, wakienda kusini polepole bila sauti yoyote.

"Niambie wanavyolia," akasema.

"Kwani umesahau?"

"Sijasahau. Niambie tu."

Aune akamaliza kutafuna, akapangusa midomo kwa kiganja, akasogea karibu na sikio lake zuri, akaanza kumwambia.